Medicaid kwa mzazi asiyeweza tena kujihudumia: hatua kwa hatua hadi barua ya kukubaliwa

Nimekaa na familia nyingi mezani, bahasha zimetawanyika na barua ya kukataliwa iko juu yake zote. Mara nyingi mzee mwenyewe anastahili. Kilichomwangusha ni karatasi iliyokosekana, swali lililojibiwa haraka, au fedha zilizotoka benki bila maelezo. Mwongozo huu ni wa familia zinazoishi Marekani, zenye mzazi anayehitaji kuogeshwa, kulishwa au kulindwa kila siku, na zinazotaka Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na mali ndogo, ilipie matunzo hayo, iwe nyumbani au kwenye makao ya wazee.

Takwimu zote hapa ni za mwaka 2026. Nyingi hubadilika kila Januari, na kila jimbo lina vipengele vyake, kwa hiyo linganisha na jimbo lako kabla ya kusaini chochote.

## Usichanganye Medicare na Medicaid

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Mzee ana kadi ya Medicare (bima ya serikali, hasa ya wenye miaka 65 na zaidi), familia inatulia ikidhani makao ya wazee yatalipwa. Hayatalipwa.

Medicare hulipia matibabu. Mzee akilazwa rasmi hospitalini siku 3 mfululizo, inaweza kumlipia makao yenye uuguzi wa kitaalamu hadi siku 100. Siku 20 za kwanza hachangii kitu. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 anachangia dola 217 kwa siku. Hata hizo 100 si za uhakika, kwa sababu malipo yanakoma mara tu anapoonekana hahitaji tena nesi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila siku.

Tahadhari: mzee akiwa hospitalini, uliza kila siku kama amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi tu. Siku za uangalizi hazihesabiki katika zile 3, hata kama amelala kitanda kilekile na anahudumiwa na daktari yuleyule.

Medicaid ndiyo inayolipia matunzo ya muda mrefu, kwa wenye kipato na mali ndogo. Usishangae ukikuta jina jingine: California wanaiita Medi-Cal, Massachusetts ni MassHealth, Tennessee ni TennCare. Ni kitu kilekile.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kugusa fomu

Tafuta faili moja kubwa, na usianze kujaza mpaka lijae:

- pasipoti, cheti cha uraia, grinkadi au hati ya ukimbizi
- kadi ya Social Security na kadi ya Medicare
- cheti cha ndoa, cha talaka, au cha kifo cha mwenzi
- taarifa za benki za miezi 60 iliyopita, kwa kila akaunti, pamoja na zile zilizofungwa
- barua ya pensheni na ya Social Security inayoonyesha kiasi cha kila mwezi
- hati za nyumba, gari, bima ya maisha na mipango ya mazishi
- kumbukumbu za fedha zilizotumwa nje ya nchi, iwe kwa benki, wakala au programu ya simu
- hati ya uwakilishi wa kisheria inayokuruhusu kusimamia fedha za mzazi
- ripoti za daktari za miezi ya karibuni na orodha ya dawa

Hati za lugha nyingine zitafsiriwe, na mtafsiri asaini kwamba tafsiri ni sahihi.

Kagua majina herufi kwa herufi. Wazee wetu wengi wana jina moja kwenye pasipoti, jingine kwenye kadi ya Social Security, na la tatu benki. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe hiyo si tatizo ilimradi iwe ileile kila mahali. Zikitofautiana, mfumo wa jimbo unashindwa kumtambua mzee, na maombi yanakwama hata kabla mtu hajayasoma.

Ile hati ya uwakilishi wa kisheria itengenezwe wakati mzazi bado anaelewa anachosaini. Akishapoteza kumbukumbu, njia inayobaki ni kwenda mahakamani kuomba usimamizi, na huko kuna gharama na kusubiri. Ikiwa mzazi wako ameanza kusahau majina, acha kusoma, shughulikia hati hiyo wiki hii, kisha urudi.

## Hatua ya 1: Hakikisha hadhi yake ya uhamiaji inaruhusu

Raia hana kizuizi, awe amezaliwa Marekani au ameapishwa.

Mwenye grinkadi kwa kawaida husubiri miaka 5 tangu aipate kabla ya kustahili Medicaid kamili. Yapo majimbo yanayowahudumia baadhi ya watu kwa fedha zao wenyewe kabla ya muda huo, kwa hiyo uliza. Kama wewe ndiye uliyemleta mzazi na ukasaini hati ya kumdhamini, jimbo linaweza kuhesabu kipato chako kana kwamba ni chake mpaka awe raia au afikishe robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10. Watoto wengi huligundua hilo wakiwa dirishani.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi hawakuwa na ule muda wa kusubiri miaka 5. Ila sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inabadilisha mambo: kuanzia 1 Oktoba 2026 hawamo tena katika Medicaid ya shirikisho mpaka wapate grinkadi. Mkimbizi anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kuomba grinkadi akitimiza mwaka 1 nchini. Kama mama yako bado anatembea na hati ya ukimbizi tu, peleka ombi hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Anayekusudia kuomba grinkadi kupitia mtoto wake azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji. Kukaa muda mrefu kwenye makao ya wazee kwa gharama ya serikali ni jambo ambalo maofisa wa uhamiaji wamekuwa wakilipima wanapoamua kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali. Wakimbizi na waliopewa hifadhi hawaguswi na kipimo hicho.

Uraia huondoa karibu vikwazo vyote hivi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau au ulemavu unaomzuia kujifunza anaweza kusamehewa mtihani wa Kiingereza na wa historia, daktari akijaza fomu N-648. Familia nyingi hazijawahi kuisikia fomu hiyo, na mzee hubaki na grinkadi miaka 20 akiogopa mtihani ambao angesamehewa.

Utajua umefaulu: unaweza kutaja hadhi yake, tarehe aliyoipata, na kanuni inayomhusu.

## Hatua ya 2: Pitisha tathmini ya afya

Umaskini peke yake hautoshi. Jimbo litamtuma nesi au afisa kupima kama mzee anahitaji matunzo ya kiwango kinachotolewa kwenye makao ya wazee. Wanaangalia shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kutembea. Wanaangalia pia kumbukumbu na usalama wake.

Tathmini hii nimeona ikiharibika kwa sababu mbili, na zote zinatokana na sisi wenyewe.

Ya kwanza ni heshima. Baba aliyewahi kuongoza ukoo hatamwambia mgeni, tena binti mdogo, kwamba anasafishwa na mkwewe. Atakaa wima, atatabasamu, atasema yuko salama. Nesi ataandika kwamba mzee anajitegemea.

Ya pili ni lugha yetu. Akiulizwa "Unaoga?" atajibu "Naoga." Kwa Kiswahili hajasema uongo, maana anaoga kweli. Hajaulizwa nani anachota maji, nani anamshika asianguke, nani anamvalisha baada ya hapo. Mkalimani anatafsiri "naoga" na kisanduku kwenye fomu kinawekewa alama. Vivyo hivyo "nakula", wakati kijiko kimeshikwa na mjukuu.

Fanya hivi:

Wiki 2 kabla ya tathmini, fungua daftari. Kila siku andika nani alimsaidia, kufanya nini, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Andika kila alipoanguka, kila aliposahau jiko, kila alipoamka usiku kutafuta njia ya nyumbani. Daftari la namna hiyo lina uzito kuliko maneno ya jumla kwamba mama hajiwezi.

Siku ya tathmini, anayemhudumia awepo. Kama mzee ataona aibu, omba kuzungumza na nesi kando, na umwonyeshe daftari. Eleza siku mbaya, si ile nzuri aliyoamka akiimba.

Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki na ni bure: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010 zinazitaka ofisi na hospitali zinazopokea fedha za shirikisho zitoe msaada wa lugha. Unaweza kuomba mkalimani wa jinsia moja na mzee, na kama anaongea lugha nyingine vizuri zaidi ya Kiswahili, omba hiyo. Mwombe atumie swali hili: "Mtu mwingine asipokuwepo, unaweza kuoga?"

Tahadhari: usimtumie mtoto au mjukuu kama mkalimani. Mtoto hataweza kutafsiri mbele ya babu yake kwamba babu hujikojolea.

Utajua umefaulu: utapata barua inayosema mzee amefikia kiwango cha matunzo ya makao ya wazee. Barua hii haimlazimishi kuhamia huko. Inafungua pia mlango wa mipango ya huduma za nyumbani, ambayo kwenye karatasi utaiona kwa herufi HCBS. Mipango hiyo ina nafasi chache na majimbo mengi yana foleni, kwa hiyo mwandikishe mapema hata kama leo mnamudu.

## Hatua ya 3: Hesabu kipato na mali

Katika majimbo mengi, mzee asiye na mwenzi anatakiwa kuwa na mali zinazohesabika zisizozidi dola 2,000. California imeweka dola 130,000 kuanzia Januari 2026. New York na Illinois nazo zina viwango vya juu kuliko 2,000.

Kwa kipato, majimbo mengi hutumia kikomo cha dola 2,982 kwa mwezi, yaani mara tatu ya posho ya SSI (ruzuku ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) ya dola 994. Kinachohesabiwa ni kiasi kabla ya makato, na si kile kinachoingia benki. Mzee akizidi kidogo katika majimbo kama Texas na Florida, hajafungiwa mlango: kipato hupitishwa kwenye akaunti maalumu iitwayo trasti ya Miller. Majimbo mengine humruhusu kutoa gharama za matibabu kwenye kipato mpaka ashuke chini ya kikomo.

Visivyohesabika kwa kawaida ni gari moja, vyombo vya nyumbani, mpango wa mazishi uliolipiwa ambao hauwezi kuvunjwa, na nyumba anayoishi. Nyumba ina masharti. Sehemu ya thamani anayoimiliki isizidi kikomo cha jimbo, ambacho kiko kati ya dola 752,000 na 1,130,000, na awe anaishi humo au ana nia ya kurudi, au mwenzi wake awe anaishi humo.

Vitu viwili hutusumbua zaidi.

Cha kwanza ni akaunti ya pamoja. Mmeweka jina la mama kwenye akaunti yako ili umsaidie kulipa bili. Jimbo huchukulia kwamba fedha zote zilizomo ni za mama, mpaka uthibitishe kwa hati za mshahara kwamba ni zako. Fungua akaunti yake peke yake, na kila kinachoingia humo kiwe chake.

Cha pili ni shamba au nyumba iliyobaki nyumbani Afrika. Fomu inauliza mali popote zilipo, na jibu la kweli ni kuitaja. Jinsi itakavyohesabiwa inategemea kama anaimiliki peke yake na kama inaweza kuuzwa. Eneo la ukoo ambalo hawezi kuliuza si sawa na kiwanja chenye hati ya jina lake. Pata maelezo ya maandishi kutoka nyumbani, kisha muulize wakili wa mambo ya wazee kabla ya kuwasilisha.

Utajua umefaulu: una karatasi moja yenye safu mbili, kinachohesabika na kisichohesabika, na jumla chini ya kila safu.

## Hatua ya 4: Pekua miaka 5 ya fedha

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu kuliko zote.

Katika karibu majimbo yote, ofisi ya Medicaid inatazama nyuma miezi 60 kutoka siku ya maombi. California ina kanuni zake. Wanatafuta kitu kimoja: mali iliyotolewa bure au kuuzwa kwa bei ya chini. Wakiipata, wanagawanya kiasi hicho kwa wastani wa gharama ya mwezi ya makao ya wazee katika jimbo. Jibu ni idadi ya miezi ambayo Medicaid haitalipa.

Chukua mfano. Mzee alimpa binti yake dola 48,000, na jimbo linatumia dola 8,000 kama gharama ya mwezi. Adhabu ni miezi 6. Wengi hudhani adhabu ilianza siku zawadi ilipotolewa. Haianzi hapo. Inaanza mzee akishahitaji matunzo, ameshaomba, na hana fedha tena. Yaani miezi 6 isiyolipiwa inaangukia wakati mfuko ni mtupu.

Kuna kauli inayozunguka kwamba mtu anaweza kutoa dola 19,000 kwa mwaka bila shida. Hiyo ni kanuni ya kodi ya zawadi. Ofisi ya kodi haitakusumbua, lakini Medicaid haiitambui kabisa.

Sasa tujitazame. Sisi hutuma fedha nyumbani. Tunachangia harusi, misiba, karo za watoto wa ndugu. Mama akitoa dola 200 kila mwezi kwa dada yake kijijini, kwa jicho la ofisi hiyo ni mali iliyotolewa bure, na kwa miezi 60 ni dola 12,000. Ukisema tu kwamba ndiyo desturi yetu, hautaeleweka. Ukileta ushahidi, unaweza kueleweka: sheria inamruhusu mwombaji kuonyesha kwamba fedha zilitolewa kwa sababu nyingine kabisa na si ili astahili Medicaid. Kinachosaidia ni kumbukumbu kwamba alikuwa akituma kiasi hichohicho miaka kabla ya kuugua, pamoja na barua za shule, risiti za hospitali na taarifa ya msiba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hupotea pamoja na miezi ya matunzo.

Kwa hiyo kaa chini na taarifa za benki. Pigia mstari kila kiasi kikubwa kilichotoka na kila pesa taslimu iliyotolewa. Pembeni andika zilikwenda wapi na ushahidi uko wapi. Usipokumbuka, muulize ndugu aliyepokea aandike na kusaini.

Watoto wanaowalea wazazi na kulipwa kidogo na mzazi wafanye mkataba wa maandishi kabla ya malipo, wenye saa, kazi na kiwango kinacholingana na soko. Malipo bila mkataba huonekana zawadi.

Kuhusu nyumba, upo msamaha unaostahili kujulikana. Mtoto aliyeishi na mzazi katika nyumba hiyo angalau miaka 2 kabla mzazi hajaingia makaoni, na akamtunza kiasi cha kumchelewesha kwenda huko, anaweza kupewa nyumba bila adhabu. Mtoto asiyeona au mwenye ulemavu anaweza kupewa pia, na mwenzi vilevile. Msamaha wa mtoto mlezi unahitaji barua ya daktari na uthibitisho wa anwani.

Tahadhari: usifiche. Majimbo yana mfumo wa kuuliza benki moja kwa moja. Kilichofichwa kikionekana, adhabu inageuka kuwa kesi ya udanganyifu. Na kama kuna zawadi kubwa ndani ya miezi 60, usiwasilishe maombi kabla ya kumwona wakili, kwa sababu tarehe ya maombi inaweza kubadilisha hesabu yote.

Utajua umefaulu: hakuna mstari mkubwa hata mmoja kwenye taarifa za benki usio na maelezo pembeni.

## Hatua ya 5: Shusha mali kwa njia halali

Mzee akiwa na dola 15,000 mahali penye kikomo cha 2,000, fedha hizo zitumike kwa mahitaji yake mwenyewe, kwa bei ya kweli: kulipa madeni yake, kutengeneza paa au choo, kununua kitanda cha hospitali, miwani, vifaa vya kusikia, meno. Mpango wa mazishi usioweza kuvunjwa ni njia nzuri, ingawa wazee wengine hawapendi kuuzungumzia. Tunza kila risiti.

Mwenye mume au mke anayebaki nyumbani ana kinga zaidi. Kutegemea jimbo, mwenzi anaweza kubaki na mali kati ya dola 32,532 na 162,660, na sehemu ya kipato cha mgonjwa inaweza kuelekezwa kwake ili aishi. Usimalize akiba ya familia kabla ya kujua kiwango cha mwenzi. Nimeona mama akibaki na dola 2,000 wakati sheria ilimruhusu makumi ya maelfu.

## Hatua ya 6: Wasilisha

Omba kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo, mtandaoni, kwa posta au ana kwa ana. Hakikisha fomu ni ya matunzo ya muda mrefu. Fomu ya kawaida ya bima ya familia haiulizi maswali haya, na ukiituma utajibiwa kuhusu kitu ambacho hukuomba.

Usiache nafasi tupu. Kama jibu ni hapana, andika hapana. Kama ni sifuri, andika sifuri. Tuma nakala na ubaki na asilia. Omba uthibitisho wenye tarehe, kwa sababu tarehe hiyo ina thamani ya fedha. Kwa sasa Medicaid inaweza kulipia bili za hadi miezi 3 kabla ya mwezi wa maombi, ikiwa mzee alikuwa tayari anastahili, ingawa baadhi ya majimbo yamepewa ruhusa ya kufupisha muda huo. Kuanzia Januari 2027 unashuka hadi miezi 2 kwa wazee.

Ukiombwa kusaini mkataba wa kumpokea mzazi makaoni, usisaini kama mdhamini wa deni. Sheria ya shirikisho inakataza makao yanayopokea Medicare au Medicaid kumlazimisha mtu wa tatu ajifunge kulipa. Andika wazi kwamba unasaini kwa niaba ya mzazi na kwa fedha za mzazi tu. Ukiona neno la Kiingereza usilolielewa karibu na mstari wa saini, omba muda ukasomewe.

Utajua umefaulu: una namba ya maombi, tarehe, na jina la afisa anayeshughulikia faili.

## Hatua ya 7: Zile siku 45

Kwa mwenye miaka 65 na zaidi, ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 45. Maombi yanayotegemea kuthibitisha ulemavu yana siku 90. Katikati utaletewa barua za kuomba karatasi zaidi, nyingine zikiwa na siku 10 tu za kujibu.

Fungua kila bahasha siku inapofika. Kama karatasi haijapatikana, andika barua kabla ya siku ya mwisho, eleza unavyoitafuta, omba muda uongezwe. Ukikaa kimya, faili linafungwa kwa "kutotoa ushirikiano" na mnaanza upya. Kila simu unayopiga, andika tarehe, saa, jina na ulichoambiwa.

Msaada wa bure upo. Piga Eldercare Locator, 1-800-677-1116, wakutajie ofisi ya wazee ya eneo lako na washauri wa bima wa mpango wa SHIP. Shirika la msaada wa kisheria la mji wako linaweza kukupa wakili bila malipo. Ukikutana na mtu anayetaka fedha taslimu kwa ahadi ya "kupitisha" maombi, ondoka.

## Hatua ya 8: Soma barua ya uamuzi yote

Ikikubali, tafuta vitu vitatu: tarehe bima inapoanza, huduma iliyokubaliwa, na mchango wa mzee. Aliye makaoni hutoa karibu kipato chake chote kwa makao, na kubakiwa na kiasi kidogo cha matumizi binafsi. Sheria ya shirikisho inataka kisipungue dola 30 kwa mwezi, na majimbo mengi hutoa zaidi. Kama mchango umekosewa, kwa mfano hawakuondoa sehemu ya mwenzi, ni sababu ya kukata rufaa hata kama mmekubaliwa.

Ikikataa, siku ya mwisho ya rufaa imeandikwa humo. Haizidi siku 90, na majimbo mengi hutoa chache zaidi. Omba usikilizwaji kwa maandishi, na uombe kuliona faili lote kabla ya siku hiyo. Kama ni huduma iliyopo inayokatwa, peleka ombi kabla ya tarehe ya kukatwa ili iendelee mpaka uamuzi utoke. Mkalimani ni bure hapo pia.

## Baada ya kukubaliwa

Mzee aliyetumia matunzo haya akiwa na miaka 55 au zaidi, jimbo linatakiwa kudai gharama kutoka mali aliyoacha akifariki, na mara nyingi mali hiyo ni nyumba. Halidai wakati mwenzi yuko hai, wala akiwepo mtoto wa chini ya miaka 21, asiyeona au mwenye ulemavu. Familia inaweza pia kuomba msamaha kwa sababu ya ugumu wa maisha, ila muda wa kuomba ni mfupi. Mzungumze na wakili kuhusu nyumba wakati mzee yu hai.

Kisha kuna mapitio ya kila mwaka. Jimbo litauliza tena kipato, mali na anwani. Baada ya Aprili 2023, mapitio yaliporudi kufuatia janga la korona, watu wengi nchini walipoteza Medicaid kwa sababu za makaratasi tu, na barua kutumwa anwani ya zamani ilikuwa mojawapo. Andika mwezi wa mapitio ukutani karibu na dawa zake. Mzee akihama, hata ni kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine mtaa wa pili, ijulishe ofisi ya Medicaid wiki hiyohiyo, ipe na Social Security anwani mpya, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba imebadilishwa.